Mkono wa Maji ya Kunde

...na bado hajasema kitu, amesimama pale dirishani kanipa mgongo, mkono wa kulia kaunyoosha, wa kushoto, huu niliomtengenezea mimi, kaunyoosha pia, anaigeuza yote miwili polepole kama mtu anayechagua nyanya, na mimi huku nyuma ya meza najifanya nasafisha visu vya kuchanganyia rangi, visu ambavyo nilivisafisha asubuhi, nikavisafisha tena alipobisha hodi, nikiendelea hivi vitaisha... sema basi, Mwalimu, sema ndiyo au sema hapana, roho yangu iko juu, maana hapana ya leo si kama ile ya mwezi uliopita, ile ilikuwa hapana ya kusema kazi irudiwe, lakini utaratibu wa hapa ni mkono kurudiwa mara moja tu, silikoni ya kuundia ngozi inaagizwa mbali na foleni ya wanaosubiri haina mwisho, kwa hiyo leo akikataa anauvua, anauweka mezani, anaacha mkono wa gauni uning'inie mtupu kama siku aliyokuja mara ya kwanza, na ndivyo utakavyoning'inia siku zake zote, na aliyeharibu mara ya kwanza si mwingine, ni mimi na kijiko changu. Watu wakisikia karakana ya viungo bandia wanafikiria miguu, bawaba, vyuma, hawafikirii kwamba kuna mtu kakaa karibu na dirisha kazi yake ni rangi tu, miaka kumi na miwili sasa, ndiyo maana humu ndani naitwa Mama Rangi, jina alilonibandika fundi viatu, huyo hapo meza ya pili, anayeshona viatu vya wenye miguu mifupi na nyayo zilizopinda, na ambaye tangu Mwalimu aingie hajanyamaza, anamsimulia nani sijui, ...basi mteja ananiambia fundi, kiatu kinalia, nikamwambia kitaachaje kulia na hujamaliza kukilipia... anacheka mwenyewe, na mimi namwitikia ehee, ehee, bila kusikia, macho yote kwenye mgongo wa Mwalimu, mgongo ulionyooka kama bado ana darasa mbele yake.

Kwenye fomu yetu kuna mstari umeandikwa Rangi ya ngozi, kwa maneno ya mteja, mstari huo ningekuwa na uwezo ningeufuta, au ningeutungia kitabu, kwa sababu watu wakifika hapo kalamu inasimama, mtu anayekumbuka mpaka namba ya simu ya shemeji yake hajui ajiiteje, mmoja aliandika kawaida, nikamuuliza kawaida ndiyo ipi, akanionyesha mkono, akasema si hii, mwingine aliandika chokoleti halafu akaomba radhi, na kuna bibi aliandikiwa na mwanawe mweusi, akainyakua fomu, akaongeza mwenyewe kwa herufi za kutetemeka, kidogo, mweusi kidogo, na alikuwa mweusi wa kung'aa, mzuri mpaka unatamani kumuuliza anapaka mafuta gani. Karibu wote wanajipandisha ngazi moja kuelekea weupe, sikuwacheka, ningemcheka nani na mimi mwenyewe nimekua hivyo hivyo, nikawahurumia, na hapo ndipo nilipoanza mtindo wangu wa kijiko, hakuna aliyenifundisha, nilianza mwenyewe mwaka wa kwanza, nikishaipata rangi ya mtu sawasawa, kibao cha mfano wa rangi kikikaa juu ya ngozi yake hukioni, naongeza kijiko kimoja cha nyeupe, kile kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa za dawa za watoto, nikakiita kijiko cha heshima, na watu wakipokea wanatabasamu, wanasema fundi, Mungu akubariki, na mimi kichwa kikavimba, mgema akisifiwa ndivyo alivyo. Sasa huyu Mwalimu alikuja mwanzoni mwa mwaka, mkono ulichukuliwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kastaafu lakini kila alasiri anakusanya watoto wa mtaani kwake barazani anawafundisha hesabu, wanasema mkono mmoja haulei mwana, aliniambia siku ile, basi mimi nalea kumi na wanane, na kwenye ule mstari hakusita hata kidogo, aliandika maji ya kunde, kwa mwandiko wa ubaoni, nikasoma, nikamtazama, nikaona ni mweusi kuliko ninavyolijua neno hilo, nikasema moyoni na huyu naye kajipandisha, haya, tumsaidie, nikamtilia kijiko cha heshima na nusu nyingine juu yake kwa ajili ya ualimu. Wiki mbili tu akarudi nao umefungwa kwenye kitambaa, akauweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, mkono umekaa vizuri, haubani wala hauchubui, lakini si wa kwetu, huu umekulia ndani. Nikacheka, yeye hakucheka, akasema nimewafundisha watoto kuhesabu kwa vidole miaka thelathini na minne, juzi nimenyoosha vidole kumi mbele yao, binti mmoja mdogo akanyoosha mkono kwa adabu zote, akauliza, Mwalimu, hivyo vitano ni vya nani... hakuuliza wako ulikwenda wapi, hilo walishalizoea, aliuliza huu ni wa nani. Nikajitetea, si uliandika maji ya kunde, Mwalimu, nami nikafuata ulichoandika, akanitazama kama unavyomtazama mwanafunzi aliyejibu vizuri swali lisiloulizwa, akasema, mwanangu, hivi umewahi kuyaona, nikasema kuyaona nini, akasema, hayo maji.

Na sikuwa nimewahi, aibu iliyoje, mtu wa rangi miaka kumi na miwili, neno nimelisema maisha yangu yote, nimeliona likiandikwa kwenye fomu na likisemwa mabibi harusi wakisifiwa, na sijawahi hata siku moja kusimama juu ya sufuria nikatazama ndani, maana kunde nilizokula nilizikuta zimeshaiva, na zile nilizopika mwenyewe niliyamwaga maji nikiwa nawaza mengine. Nilikwenda kwenye kamusi ya ofisini, kamusi ikaniambia ni rangi ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe, basi, si huyu wala si yule, ni kama kumuuliza mtu nyumba yako iko wapi akakujibu haiko kwa jirani, nikaifunga, nikaenda kununua kilo ya kunde, zile nyekundu, nikazibandika kwenye jiko la umeme tunalolainishia plastiki, fundi viatu akauliza Mama Rangi, leo umehamia jikoni, nikamwambia natafuta rangi, akasema vizuri sana, maji chukua wewe, kunde niachie mimi, na kweli alizila zote na chumvi tupu, akarudi kuuliza kama kesho nitatafuta rangi ya kuku. Lakini kabla hajazila mimi nilisimama pale na bakuli na chupa zangu ndogo, kila baada ya robo saa nachota, naandika saa kwenye karatasi, naibandika kwenye chupa, ndivyo tunavyofanya na rangi yoyote ngeni, ile chupa ya kwanza ilikuwa kama maji yaliyosuuza kikombe cha chai, ya pili ikaingia wekundu, ya tatu ilikuwa ile ninayoijua mimi, ile wanayoimaanisha watu wakimsifia binti wa mtu, nikadhani nimefika, nikataka kuzima, halafu nikasema ngoja, kunde hazijaiva bado, nani alisema maji yanakoma kuwa maji ya kunde kabla kunde hazijaiva, nikaacha, ya nne, ya tano, yanazidi kushika, ya sita ilikuwa kahawia nzito yenye wekundu uliojificha, na ya saba niliisahau ndani ya sufuria mpaka asubuhi, nikaikuta nyeusi ukiitazama kutoka juu, ukiiinua kwenye mwanga ule wekundu upo, umekaa chini kabisa, haujaenda popote. Chupa saba kwenye kizingiti cha dirisha, zote maji ya kunde, hakuna hata moja inayodanganya, na hakuna mbili zinazolingana, na ningenunua kunde zile nyeupe za doa jeusi ningepata saba nyingine... sasa aliyelisema neno hili mara ya kwanza alikuwa anaitazama ipi, hilo limenikosesha raha siku tatu, raha nzuri ya kukosa, kama mtu anayetafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi, hakuna anayemjua, hakuandikwa popote, lakini mimi nimejitungia wangu, najua najitungia tu, ni mwanamke, maana nani mwingine anaitazama sufuria muda wote huo, mkunga labda, katoka kumzalisha mwenzake chumba cha ndani, kakaa jikoni anasubiri kunde ziive ili mzazi ale, mara kaja mjumbe kutoka ukweni, kasimama nje, haruhusiwi kuingia, anauliza mtoto yukoje, nikawaambie nini wazee, na yule mama kachoka, usiku kucha hakulala, anatafuta mfano, haangalii maziwa wala dhahabu wala mbingu, anaangalia kilicho mbele yake kinachochemka, anasema kawaambie, maji ya kunde, na mjumbe anaondoka nalo njia nzima asilisahau, wala hakuuliza ya saa ngapi. Angeuliza tu.

Mwalimu kasogea, hapana, kahamisha tu uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ...halafu mke wake naye akaja, fundi viatu anaendelea, akasema na changu pia kinalia, nikasema hii nyumba ina msiba gani... ehee, ehee... Bibi yetu alilipenda neno hilo, tulilelewa naye mimi na dada yangu, wageni wakija tunaitwa sebuleni kusalimia, Bibi anamshika dada bega, anasema huyu ndiye mkubwa, mmeiona rangi yake, maji ya kunde, kamchukua marehemu mama yangu, halafu ananishika mimi, ananivuta karibu zaidi kuliko dada, nakumbuka kabisa, ananibana kwenye kanga yake, anasema na huyu naye, huyu ana akili. Ana akili. Mpaka leo mtu akiniambia nina akili najitazama kwenye kioo kwanza. Hakuwa na ubaya Bibi, alikuwa anatafuta la kumpa kila mtu, lakini nilijua, mtoto haambiwi, anajua, kwamba dada kapewa nyama na mimi nimepewa mchuzi, na sauti ilishuka kidogo pale kwenye na huyu naye, ilishuka kama anayeteremka ngazi gizani, nikajifunza kuisikia sauti hiyo kila mahali, shuleni, kwa wakwe, mweusi lakini mzuri, mweusi lakini msafi, hiyo lakini imenifuata kama vumbi la kiatu. Juzi nilimpigia dada simu, nikamweleza habari za chupa, nikamwambia nimesimama nazo dirishani, mkono wangu nimeulaza kando yake, chupa ya sita ndiyo mimi, ya sita kabisa, na wewe ni ya tatu, sufuria moja, moto mmoja, wewe ulitolewa mapema tu, akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema unajua mimi nilikuwa natamani nini, nilikuwa natamani siku moja wageni waambiwe mimi ndiye mwenye akili, nilikuwa wa pili darasani mwaka mzima na Bibi akasema ukiolewa utasahau hesabu hizo... wanawake wazima wawili kwenye simu, kila mmoja na mchuzi wake. Lakini nisijipendekeze, sikuchemsha kunde ili nijipatie cheti, kwamba kumbe na mimi nimo, hapana, hilo lilinifurahisha asubuhi moja, jioni likaisha, nilichobaki nacho ni kitu kingine, ni kwamba mikono yangu ilijua zamani kabla ya mimi kujua, maana katika kazi hii jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba weusi wa mtu hautengenezwi kwa rangi nyeusi, ukitia nyeusi unapata jivu, unapata maiti, ngozi inakufa hapo hapo mbele yako, weusi unatengenezwa kwa nyekundu na buluu na manjano, unazitia kidogo kidogo, unakoroga mpaka mkono uchoke, zinakaa pamoja mpaka usijue ipi ilitangulia, ndiyo rangi ngumu kuliko zote, ndiyo inayonichukua siku mbili wakati hizo nyingine ni za nusu siku, na mimi niliyejua hivyo kwa vidole vyangu, kila nikimaliza, kazi imetoka safi, nachukua kijiko cha plastiki naiharibu kwa heshima.

Kwa hiyo safari hii nilimwita Mwalimu mchana, si asubuhi na si chini ya taa ya mrija ambayo inamfanya kila mtu aonekane mgonjwa, nikamkalisha hapo dirishani, nikampangia chupa saba, akazitazama, akaiona ile ya tano, akaigusa kwa ukucha, akasema hii ndiyo ya kwetu, kwa mama yangu kunde zilikuwa zinaachwa zichemke mpaka mbegu ipasuke, basi, mtu kanipa rangi yake na sababu yake. Nikachanganya siku mbili, wekundu chini kabisa, tabaka la kahawia juu yake, kwenye vifundo vya vidole nikazidisha weusi kama ulivyozidi kwenye vile vya kulia, kiganja nikakiacha kikapauka kidogo na mistari yake, hata kile kidoa cha zamani alichoungua na pasi nilimuuliza nikitie upande huu pia, akasema usiwe na wazimu, cha nini, niliungua mkono mmoja, tukacheka. Na kijiko cha heshima nilikitupa, au nisiseme uongo, nilikitia kwenye droo, halafu nikakitoa nikakitupa. Lakini bado hajasema kitu, na jua limegeuka, na mimi namngojea kama... ngoja, haangalii mikono. Tangu lini haangalii mikono. Kaegemeza kiwiko cha kushoto kwenye kizingiti, kashika shavu kwa ule mkono niliomtengenezea, anatazama barabarani, kuna mtu anapakua vitanda kwenye gari pale ng'ambo na kitanda kimoja hakiingii mlangoni, wanakigeuza huku, wanakigeuza kule, na Mwalimu anawafuatilia, kakunja uso, midomo inamchezacheza, anataka kuwafundisha namna ya kukipitisha, kausahau mkono, kauweka tu shavuni kama mtu anavyoweka mkono wake shavuni, na mimi nimekaa kwenye kiti bila kukusudia, furaha imenishika kifuani, siwezi kuificha na sina wa kumwonyesha, fundi viatu bado yuko na viatu vyake vinavyolia. Asigeuke bado. Akae hivyo hivyo, nimwangalie, na asiseme lolote, sina haraka tena.

Ila huu mkono shavuni umenikumbusha mwingine, na ninaomba usiwe ninavyofikiri... yule tarishi, mwanamume mpole, mteja wangu wa mwaka juzi, tulikutana wiki tatu zilizopita kwenye foleni ya benki, mkono wa kulia alikuwa nao mfukoni, hakuutoa, wa kushoto mkono wa shati umekunjwa na kubanwa na pini, mtupu, nikamuuliza kwa maringo yangu, mkono wetu unaendeleaje, kaka, akasema nautunza, fundi, uko kabatini, na mimi, mwenye akili, nikaondoka kifua mbele, nikijua vitu vya thamani ndivyo vinavyowekwa kabatini, nikamsimulia hata fundi viatu, nikamwambia kuna watu wanajua kutunza kazi ya mtu. Kabatini. Mwalimu aliurudisha wake kwa kuwa ni mwalimu, kazoea kurudisha daftari likiwa na makosa, lakini mtu mpole anarudishaje, anashukuru, anafunga kabati, anatembea na pini. Kabati letu la mafaili liko nyuma yangu, sihitaji hata kusimama, nageuza kiti, navuta droo, herufi zimechanganyika kama kawaida, huyu hapa, jalada la kijani, fomu ya kwanza, jina, kazi, tarishi, mkono uliokosekana, wa kushoto, na ule mstari, Rangi ya ngozi, kwa maneno ya mteja. Kaandika mweusi. Neno moja, kalamu haikusimama, hakuna kidogo, hakuna kawaida, hakuna radhi, na baada yake katia nukta, ni yeye peke yake kwenye droo nzima aliyeweka nukta hapo, na chini yake kuna mwandiko wangu mimi, maelezo ya fundi, vijiko viwili. Viwili, maana nilidhani kajidharau. Nakumbuka sasa, nilimhurumia, nikasema maskini, hakuna aliyewahi kumpa neno zuri, nikamwongezea cha pili ili asijisikie vibaya, na yeye kumbe hakuwa anajisikia vibaya, alikuwa anajibu swali, mtu mzima kaulizwa rangi yake kaitaja, na aliyeisikia hiyo lakini ni mimi, hiyo lakini ilikuwa yangu, niliitoa sebuleni kwa Bibi nikaja nayo mpaka kazini nikaikoroga kwenye mkono wa mtu. Uso umenichoma, sikatai, umenichoma mpaka masikioni, na bado sijisikii vibaya kama nilivyotarajia, kosa likishaonekana lina unafuu wake, kama jino linalouma likishajulikana ni lipi, kwa sababu mkono uko kabatini tu, haukutupwa, naye yuko mjini hapa hapa na namba yake iko hapa, na utaratibu unasema kila mkono unarudiwa mara moja na wake haujarudiwa, nitampigia, nitamwambia kaka, njoo mchana wakati wa jua, kosa ni langu, nilikusoma vibaya, nitamkalisha hapo hapo dirishani, nitamwekea siku mbili zake, tatu zikihitajika, nyekundu na buluu na manjano. ...sasa nimshonee nani kwanza, mume au mke, fundi viatu ananiuliza, Mama Rangi, husikii, nakuuliza wewe, na ng'ambo kile kitanda kimekwama bado, na Mwalimu bado kashika shavu, na mimi nimelisoma tena lile neno, mara hii kwa sauti, mweusi, nikakomea kwenye nukta pale alipokomea mwenyewe, sauti haikushuka, unasemaje, akauliza fundi viatu, nikamwambia anza na mke.